Morani, Samurai na Mstari Mmoja wa Shajara

Nianze na mtu mrefu. Mwezi Mei mwaka 1582, askari wa Japani aitwaye Matsudaira Ietada, aliyekuwa chini ya bwana Tokugawa Ieyasu, alimwona mgeni katika msafara wa Oda Nobunaga, mtawala ambaye wakati ule alikuwa na nguvu kuliko wote nchini humo. Akaandika katika shajara yake kwamba mtu yule aliitwa Yasuke, kwamba alikuwa mweusi kama wino, kwamba Nobunaga alimlipa posho, na kwamba kimo chake kilikuwa shaku 6 na sun 2. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 188. Ietada hakuwa mshairi wala mwanahistoria. Alikuwa mtu mwenye mazoea ya kuandika alichokiona. Karibu miaka 443 baadaye, tarehe 20 Machi 2025, kampuni ya Ufaransa iitwayo Ubisoft ilitoa mchezo wa video, Assassin's Creed Shadows, na mmoja wa wahusika wake wawili wakuu ni Yasuke huyo huyo. Vijana wanaoshika vitufe katika vibanda vya gemu kando ya barabara ya Namanga wanaweza leo kumwongoza Mwafrika aliyevaa deraya ya samurai. Njia iliyomfikisha hapo ilipita katika mstari ule wa shajara.

Yaelekea Yasuke alitoka upande wetu wa bahari. Alifika Japani mwaka 1579 pamoja na Alessandro Valignano, padri Mjesuiti kutoka Italia, ambaye miaka mitano kabla alikuwa amepitia Msumbiji akielekea India. Na padri Mfaransa François Solier, alipochapisha historia yake mwaka 1627, alisema mtu huyo ni wa Msumbiji. Mjini Kyoto mwaka 1581 watu walisukumana kumtazama hadi wengine wakaumia. Nobunaga alimvua nguo hadi kiunoni akaamuru aoshwe, kwa kutosadiki kwamba rangi ile haitoki. Kisha akampa nyumba, upanga mfupi na riziki. Mwezi Juni 1582 Akechi Mitsuhide alipomwasi bwana wake katika hekalu la Honnō-ji, Yasuke alikwenda kupigana upande wa mwana wa Nobunaga, akasalimisha upanga, akarudishwa kwa mapadri, na hapo maandishi yakanyamaza. Kusanya yote yaliyoandikwa juu yake na watu wa zama zake na hayajazi daftari la mtoto wa shule. Hata hivyo yametosha kujengewa mchezo mzima. Hoja yangu ni kwamba mchezo wa historia husimama juu ya mambo madogo yaliyowekwa kwenye maandishi: kimo, rangi, jina, bei, kanuni ya kula. Tukitaka morani, kijana mpiganaji wa Kimaasai, aingie kwenye skrini akiwa mtu kamili, kazi ya kwanza ni kuyakusanya mambo hayo na kuamua ruhusa iko mikononi mwa nani. Wajuzi wa kompyuta watafuata.

Tazameni mchezo mwingine, ule ambao kwa maoni yangu ndio uliowapa wengi picha ya samurai katika miaka hii. Ghost of Tsushima ulitoka Julai 2020, kazi ya kampuni ya Kimarekani, Sucker Punch. Unasimulia uvamizi wa Wamongolia wa mwaka 1274 katika kisiwa cha Tsushima, ambako mtawala wa kisiwa, Sō Sukekuni, alitoka na wapanda farasi wapatao 80 hadi ufuo wa Komoda, akafa huko. Tunajuaje sura ya vita vile? Kwa sehemu kubwa ni kwa sababu ya mtu mmoja aliyedai haki yake. Takezaki Suenaga, samurai wa hali ya chini, alipigana na Wamongolia mwaka 1274, akaona hakutunzwa ipasavyo, akafunga safari hadi Kamakura, makao ya serikali, kudai zawadi, kisha akapigana nao tena mwaka 1281. Baadaye akaagiza achorwe kwenye magombo marefu ya karatasi: farasi wake akitoka damu, mishale hewani, bomu la Wamongolia likipasuka mbele yake. Magombo hayo yapo hadi leo. Shujaa wa mchezo, Jin Sakai, ni wa kubuni tu, lakini ardhi anayoikanyaga iliwekwa na watu kama Suenaga, waliotaka matendo yao yasisahauliwe.

Atainuka mwalimu wa historia aseme: huo mchezo umejaa makosa, na mnataka watoto wetu wajifunze makosa? Mwalimu huyo ana haki. Deraya zinazovaliwa na Jin ni za karne za baadaye. Upanga wake ni wa mtindo uliokuja kuenea baada ya vita vile, na silaha kuu ya samurai wa 1274 ilikuwa upinde juu ya farasi. Mchezaji hukaa chini akatunga haiku, aina ya ushairi iliyopata sura yake katika karne ya 17. Yote ni kweli, nami siyapuuzi. Lakini hebu tuulize mwalimu ameyajuaje makosa hayo. Ameyajua kwa sababu kumbukumbu zipo za kuyapimia. Mjapani akiona kosa anakwenda maktaba, anafungua gombo, anamsahihisha Mmarekani. Kosa lenye kumbukumbu ya kulipinga ni mwanzo wa mjadala, hali kosa lisilo na kumbukumbu hugeuka kuwa historia yenyewe. Ndiyo sababu nahofia zaidi mchezo wa kigeni juu ya Wamaasai kuliko ninavyohofia ule wa Tsushima. Nao watu wa Tsushima waliupokeaje? Kimbunga cha Septemba 2020 kilipoliangusha lango la hekalu la Watazumi kisiwani humo, wachezaji wa dunia nzima walichangia zaidi ya yen milioni 27 kulisimamisha tena, na mwaka uliofuata kisiwa kiliwapa waongozaji wawili wa mchezo heshima ya kuwa mabalozi wake wa utalii.

Kuna kosa zito kuliko la upanga, na hilo linatugusa moja kwa moja. Samurai tunayemjua, mtu wa heshima asiyeshambulia kwa nyuma, aliye tayari kufa kuliko kuaibika, amekolezwa sana na maandishi ya baada ya samurai wenyewe kwisha. Serikali ya Japani iliwakataza kubeba panga hadharani mwaka 1876. Kitabu kilichoitangaza kwa ulimwengu ile iitwayo bushido, maadili ya samurai, kiliandikwa na Nitobe Inazō mwaka 1899, kwa Kiingereza, kwa wasomaji wa nje. Watu walipoteza nguvu, kisha sura yao ikanenepa. Sasa mgeukieni morani. Alipokatazwa mashambulizi, aliponyang'anywa malisho, ndipo sura yake ilipoanza kusambaa kwenye kadi za posta, matangazo ya hoteli, mashuka na magari: kijana mwembamba, shuka jekundu, mguu mmoja juu, mkuki mkononi, macho yakitazama mbali. Amesimama peke yake. Hana rika, hana mama, hana ng'ombe wa kuchunga wala baraza la kuhudhuria. Mtengenezaji wa gemu aliye mbali akitaka morani leo, huyo ndiye atakayemkuta kwanza, na atampa mkuki na simba, na mchezo utakuwa umekwisha kabla haujaanza.

Niliposema tukusanye kanuni, nilikuwa na maana ya jambo kama hili. Kwa desturi ya Kimaasai, morani hanywi maziwa peke yake. Sharti awe na mwenzake wa rika. Chukueni kibuyu cha maziwa: kimesafishwa kwa kijinga cha mti wa oloirien, ndani kina harufu ya moshi, maziwa yameganda vizuri, na kijana ametembea tangu alfajiri akiwa na njaa. Akifika bomani pasipo mwenzake, kibuyu kile hakimhusu. Sasa kifikirieni kama kanuni ya mchezo. Katika Ghost of Tsushima, Jin akijeruhiwa hukusanya ushupavu wake, akajiponya mwenyewe, akaendelea. Ndivyo ilivyo katika michezo karibu yote: shujaa ni mmoja, uhai wake ni wake, na ustadi anauongeza kwa jasho lake peke yake. Mchezo wa morani ungekataza hayo tangu dakika ya kwanza. Ungemlazimisha mchezaji amtafute mwenzake, amngoje, arudi nyuma kumchukua aliyechoka, la sivyo hali wala hanywi. Na kupanda ngazi pia kungekuwa tofauti, kwa maana mtu hapandi, linapanda rika: kutoka enkipaata, vijana wanapoandaliwa, hadi eunoto, ambapo mama humnyoa mwanawe nywele ndefu za umorani, hadi olng'esherr, ambapo watu waliokuwa wapiganaji wanakabidhiwa uzee na kazi ya kuamua. Shirika la UNESCO liliziandika sherehe hizi tatu mwaka 2018 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mchezo ambao mama ananyoa nywele za shujaa, na shujaa akalia, naye akatoka hapo akiwa na uwezo mdogo wa kupigana na mkubwa wa kusikilizwa: mchezo wa namna hiyo mimi sijauona popote. Hauwezi kubuniwa na mtu aliyemwona morani kwenye kadi ya posta.

Wazazi wana hofu yao, nayo ni ya damu. Mchezo wa samurai ni mchezo wa kuua. Wamongolia wanaanguka kwa mamia, wengi bila jina. Tukiuhamisha Kajiado, nani ataanguka? Hapa naomba tusiharakishe, maana Kitengela ni mji wa watu wa kila kabila, na katika kibanda kimoja cha gemu mnaweza kukuta mtoto wa Kimaasai amekaa na wa Kikamba, wa Kikuyu, wa Kijaluo na wa Kikisii. Historia ya umorani ina mashambulizi ndani yake, na kuna jirani zetu ambao babu zao waliumizwa katika mashambulizi hayo. Mchezo unaomweka Mkamba katika nafasi ya Mmongolia asiye na jina ungekuwa dhambi katika kaunti hii, nami ningeupinga hadharani. Lakini historia ya Wamaasai ina adui wakubwa kuliko jirani. Kuanzia miaka ya 1880 ugonjwa wa mapafu uliingia katika mifugo, mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikaja sotoka iliyofagia ng'ombe, ikafuata ndui iliyofagia watu. Wamaasai waliziita nyakati hizo Emutai, maangamizi. Wengi waliokoka kwa kukimbilia kwa jirani hao hao, Wakikuyu na Wakamba, wengine wakiacha watoto wao huko ili wapate chakula. Hapo pana hadithi yenye hatari katika kila hatua, na mlango wa jirani ndio unaookoa maisha.

Ipo na hadithi nyingine. Mwaka 1904 Waingereza waliwatoa Wamaasai katika malisho ya Bonde la Ufa kwa mkataba ulioahidiwa kudumu muda wote watakapokuwapo Wamaasai duniani. Miaka saba tu baadaye, 1911, mkataba mwingine ukawataka waliopelekwa Laikipia, kaskazini, wahame kwenda kusini. Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa rika lake, alikuwa mbele katika kuupinga, na Wamaasai wakafanya jambo ambalo wakoloni hawakulitazamia kwa watu waliowajua kwa mikuki: wakaajiri mawakili wakaenda mahakamani. Kesi yao, ijulikanayo kama kesi ya Ole Njogo na wenzake, ikaamuliwa mwaka 1913. Mahakama ilisema mikataba ile ni kama ya dola mbili, kwa hiyo haiwezi kuhukumiwa na mahakama ya ndani, na rufaa ikatupwa. Ng'ombe, kondoo, watoto na wazee walikuwa wameswagwa kusini. Nawauliza vijana: ni mapambano gani ya upanga yanayofikia hayo kwa uzito? Msafara wa maelfu ya mifugo, mito ya kuvuka, baridi ya nyanda za juu, na karatasi moja mjini ambayo huwezi kuichoma mkuki.

Nitaulizwa mbona nalilia kumbukumbu hali vitabu vipo. Vipo, na niseme kwa furaha. Mwaka 1953 kilichapishwa kwa Kiswahili kitabu cha maisha ya Justin Lemenye, Mmaasai aliyekua katika nyakati zile za misukosuko ya karne ya 19; watu wangapi humu wamewahi kukishika? S. S. ole Sankan alitoa chake juu ya Wamaasai mwaka 1971, na Naomi Kipury alikusanya fasihi simulizi ya Wamaasai katika kitabu cha mwaka 1983. Henry ole Kulet alituandikia riwaya za kijana wa Kimaasai kati ya shule na boma. Huo ni msingi wa kweli. Upungufu uko kwenye mambo madogo ya mahali: jina la kila kisima kati ya Kitengela na Magadi na sababu ya jina hilo, sauti ya kila kengele ya ng'ombe, alama za ngao ziitwazo isirata na ni rika gani au ukoo gani uliochora ipi, namna mtu anavyomsalimu mama wa mwenzake wa rika. Mambo haya yako vichwani mwa wazee. Suenaga aliagiza yake yachorwe. Wazee wetu hawajaulizwa, na wakiulizwa mara nyingi ni na mtalii mwenye kamera au mtafiti ambaye kitabu chake kitawekwa Ulaya.

Swali la ruhusa ndilo gumu zaidi. Japani ni nchi tajiri, ina makampuni makubwa ya gemu kuliko karibu nchi zote, na bado mwezi Machi 2025 mbunge mmoja alisimama katika Baraza la Juu la bunge lake kulalamika kwamba katika mchezo wa Yasuke mchezaji aliweza kuvunja vitu ndani ya hekalu la kweli la mji wa Himeji, bila ridhaa ya wenye hekalu. Waziri Mkuu Ishiba akajibu kwamba kulinajisi hekalu hakukubaliki. Ubisoft ilirekebisha mchezo ili baadhi ya vitu vya hekaluni visivunjike. Kama Wajapani hawakuulizwa, Wamaasai wataulizwa na nani? Wapo wanaosema basi tufunge mlango, asiye Mmaasai asiguse. Siwafuati huko. Sucker Punch ni Wamarekani na kisiwa kiliwaheshimu, na kijana wa Kikisii aliyezaliwa Kitengela ana haki ya kuipenda historia ya ardhi anayoishi. Ninachotaka ni mlango wenye mwenyeji. Kenya inayo Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016, inayomtaka mtumiaji apate kwanza ridhaa ya jamii yenyewe, ridhaa ya watu walioelezwa vizuri wanachokubali. Sheria hiyo hiyo inazipa kaunti kazi ya kusajili maarifa na semi zilizomo ndani ya mipaka yao. Mahali pa kuanzia pameandikwa kisheria, tena pako hapa nyumbani.

Mtu atasema gemu ni upuuzi wa kuwapotezea watoto muda, na kaunti yenye ukame ina mambo ya maana zaidi. Wengine huchanganya michezo hii na kamari ya simu, inayofilisi nyumba. Kamari ni balaa na si ninachokizungumzia. Kuhusu muda, vijana tayari wanautumia, na wanautumia katika historia za wengine. Kuhusu uwezo, ushahidi upo. Mwaka 2015 kampuni ya Nairobi, Black Division Games, ilitoa Nairobi X, mchezo wa kupambana na wavamizi wa kutoka anga za mbali katika mitaa ya jiji letu. Tarehe 23 Aprili 2024 ulitoka Tales of Kenzera: Zau, ulioongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia ya asili ya Kenya, mtu yule yule aliyekuwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins mwaka 2017. Aliujenga kutokana na msiba wa babake na visa vya Kibantu, na mchezaji anaweza kuucheza wahusika wakizungumza Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Mwana aliyefiwa amepewa na babake hadithi za kutosha kujengea dunia nzima. Hilo halikuanzia kwenye kompyuta. Lilianzia kwa mzee aliyesimulia na mtoto aliyeshika alichosimuliwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa walioko humu ni dogo na linaweza kuanza wiki hii. Walimu wa shule za upili za Kajiado, mpeni kila mwanafunzi mzee mmoja wa kumwandika, kwa Kimaasai au Kiswahili, mwanafunzi awe wa kabila lolote, na karatasi ziwe na majina, vipimo na mahali. Viongozi wa kaunti, fungueni daftari la usajili ambalo sheria ya 2016 imewakabidhi, na wazee wa kila ukoo wakae mezani mnapolifungua. Nanyi vijana wa vibanda vya gemu, siku mtakapomwongoza tena Yasuke katika mitaa ya Kyoto, kumbukeni kwamba urefu wake tunaujua kwa sababu mtu mmoja aliyemwona njiani aliuandika. Wazee waliokaa safu ya mbele leo bado hatujawaandika.